Picha Haina Sentimita

“Mwanangu, hii nataka ijae ukurasa mzima.”

Mama anayeagiza hivyo amesimama kwenye kaunta ya duka la kuchapisha mjini Voi, simu mkononi. Kwenye kioo yupo mzee mbele ya nyumba yake kule Wundanyi, na mvi zake ukitaka unazihesabu. Kijana wa kompyuta anatumiwa picha hiyo kwa WhatsApp, anaiweka kwenye ukurasa wa albamu, anaivuta, anaguna.

“Mama, picha hii ni ndogo.”

“Ndogo kivipi, na hapa imejaa kioo chote?”

Mabishano ya namna hii hayaishi katika maduka yanayotengeneza albamu za harusi, vitabu vya mazishi na majarida ya shule, na mara nyingi hukatwa kwa jibu moja: picha haina kwaliti. Jibu hilo halimsaidii mama wala kijana. Kumbe wote wawili wanasema kweli, na ili tuone ni kwa vipi, inabidi tuanze chini kabisa: picha ya simu ni kitu gani?

Ni jedwali la namba. Kamera hukigawa kile inachokiona katika visanduku vidogo mno vilivyopangwa safu kwa safu, na kwa kila kisanduku huandika namba tatu: nyekundu kiasi gani, kijani kiasi gani, buluu kiasi gani. Kisanduku hicho ndicho tunachokiita pikseli. Simu nyingi za siku hizi hutoa picha yenye pikseli kama 4000 kwa 3000, yaani milioni 12. Sasa itafute sentimita humo ndani. Haimo. Namba hizo ukizionyesha kwenye simu zina upana wa kiganja, ukizirusha ukutani kwa projekta zina upana wa mita tatu, na hakuna hata moja iliyobadilika. Sentimita huja pale unapoamua picha ikae wapi na ishike nafasi kiasi gani. Ukilishika hilo, kazi iliyobaki ni kugawanya tu.

Lakini tugawanye kwa nini? Hapo anayeamua ni jicho. Jicho zima la mtu hutenganisha nukta mbili iwapo pembe iliyo kati yao haipungui dakika moja, yaani digrii moja iliyogawanywa mara 60. Zikisogeleana zaidi ya hapo, jicho huziona kuwa kitu kimoja. Albamu tunaishika umbali wa sentimita 30 hivi kutoka usoni, na kwa umbali huo dakika moja ya pembe ni milimita 0.087. Inchi moja ina milimita 25.4. Gawanya 25.4 kwa 0.087, utapata kama 290. Kwa hiyo kila inchi ya karatasi ikibeba pikseli 290 au zaidi, jicho haliwezi tena kuziona moja moja. Linaona ngozi, nywele na kitambaa cha leso. Madukani namba inayotajwa ni 300. Namba hiyo ina mzazi wa pili: mitambo ya ofseti huchapa picha kwa vitone vilivyopangwa katika mistari, kwa kawaida mistari 150 kwa inchi kwenye karatasi nzuri, na desturi ya wachapaji ni kuupa kila mstari pikseli mbili. Njia mbili tofauti, na zote zinafika pamoja.

Turudi kwenye kaunta. Simu ya kawaida ina kioo chenye pikseli 1080 katika upana wa sentimita 7 hivi. Hizo ni karibu 400 kwa inchi, nyingi kuliko jicho linavyodai, ndiyo maana mvi zinahesabika. Lakini WhatsApp katika hali yake ya kawaida huipunguza picha ibaki na pikseli kama 1600 tu upande mrefu. Kwenye simu hakuna atakayegundua. Zipeleke hizo 1600 kwenye A4 iliyosimama, ambayo urefu wake ni sentimita 29.7, sawa na inchi 11.7: 1600 kwa 11.7 ni 137. Hazifiki hata nusu ya 300. Ukisisitiza upate 300 kamili, picha itakuwa na urefu wa sentimita 13 na nusu, chini kidogo ya nusu ya ukurasa. Mama ameona picha nzuri na kijana ameona picha ndogo, na ni picha ileile.

Dawa yake haimo kwenye kompyuta. Mama aitume picha kama faili, si kama picha, nazo pikseli zote 4000 zitafika, na ukurasa utapata 342 kwa inchi. Tangu 2023 WhatsApp ina chaguo la HD, ambalo ni afadhali, ingawa nalo bado hupunguza. Na simu ikiwa ipo hapohapo kaunta, waya wa chaji unatosha.

Yupo atakayesema programu inaweza kuongeza pikseli. Inaweza, ila inazikisia. Inatazama namba za majirani na kujaza za katikati, na matokeo yake ni picha laini kama iliyofutwa kwa kidole. Programu za akili unde hukisia kwa ustadi zaidi. Zinaweza hata kumpa mzee makunyanzi mazuri ambayo hakuwahi kuwa nayo. Kwa tangazo la soda sina neno. Kwa albamu ya ukoo, mimi ningechukua picha ndogo iliyo ya kweli, niizungushie nafasi nyeupe ya kutosha, na wajukuu wamwone babu yao mwenyewe.

Unaweza kudhani karatasi ndiyo inayodai pikseli. Basi yatazame mabango ya wagombea yanayoning’inizwa kando ya barabara kuu ya Mombasa kila msimu wa uchaguzi. Bango la upana wa mita 2 hutazamwa kutoka mita 3 au mbali zaidi. Umbali huo ni mara kumi ya ule wa albamu, kwa hiyo pikseli zinazohitajika kwa inchi ni sehemu moja ya kumi: 29. Mita 2 ni inchi 79 hivi, na 79 mara 29 ni karibu pikseli 2300. Ukurasa wa A4 kwa upande wake mrefu unadai 3508 kwa kipimo cha 300. Bango zima la barabarani limetosheka na pikseli chache kuliko ukurasa mmoja wa albamu, na ukilisogelea hadi puani, mheshimiwa anageuka viraba.

Sasa tuingie kwenye programu yenyewe ya kupangia kurasa. Iwe ni Publisher, ambayo Microsoft imetangaza itaacha kuihudumia Oktoba 2026, iwe InDesign ya kulipia, au Scribus ya bure, mwanzo huwashangaza wengi: unaingiza picha, nayo inamwagika nje ya ukurasa, unaona kona ya paa na kipande cha mbingu. Sababu ni kilebo kidogo ndani ya faili kinachosema picha hii ichapwe kwa pikseli kadhaa kwa inchi. Kamera na simu huandika humo namba ya desturi tu, mara nyingi 72. Programu inakiamini: 4000 kwa 72 ni inchi 55 na ushei, zaidi ya sentimita 140. Picha ileile ikiwekewa lebo ya 300 ingeingia ikiwa na sentimita 34. Lebo haijui kitu. Usiogope picha iliyomwagika, wala usifurahie iliyoingia sawasawa. Hesabu pikseli zake, kisha uzigawe kwa inchi unazotaka kuipa. InDesign na Scribus hukufanyia hesabu hiyo na kuonyesha jibu, na jibu hilo hubadilika kila unapoikuza au kuipunguza picha.

Halafu kuna jambo ambalo wanaoanza hulichanganya kwa miezi. Kwenye ukurasa kuna vitu viwili, fremu na picha iliyo nyuma yake, na kila kimoja kina ukubwa wake. Fremu ni dirisha. Unaweza kulipanua au kulifinya dirisha bila kumgusa mtu aliye upande wa pili. Unaweza pia kumsogeza mtu karibu au mbali huku dirisha limetulia. Tendo la kwanza huamua kinachoonekana, la pili huamua kiwe kikubwa kiasi gani, na la pili pekee ndilo linaloathiri pikseli kwa inchi. Ukiona picha haikai vizuri, jiulize kwanza ni lipi kati ya hayo mawili unalolitaka, ndipo ushike kipanya. Na ukishaamua kukuza, vuta kona, usivute ubavu. Ubavu hubadilisha upana na kuuacha urefu, na bwana harusi aliyeingia kanisani mwembamba anatoka kwenye albamu ana mashavu ya mtu mwingine.

Tofauti hiyo ya fremu na picha ina faida moja kubwa: kilichofichwa hakijapotea. Wale simba wawili wa Tsavo waliouawa na J. H. Patterson mwezi Desemba 1898, wakati reli ya Uganda ikijengwa, wanasimulia upande wa pili wa jambo hili. Patterson alizitumia ngozi zao kama mazulia kwa karibu robo karne, kisha mwaka 1924 akaziuza kwa jumba la makumbusho la Field huko Chicago. Wataalamu walipozivisha umbo la simba, wanyama wakatoka wadogo kuliko walivyokuwa hai, maana ngozi zilikuwa zimepunguzwa pembeni ili zitandikwe sakafuni. Ngozi ikishakatwa imekatwa. Picha iliyokatwa ndani ya simu na kuhifadhiwa juu ya ile ya kwanza nayo inaweza kukuachia zulia tu. Kwa hiyo kata kwa fremu, kwenye ukurasa, na faili la asili liache lilivyo.

Hata hivyo kukata kwa fremu kuna gharama yake, na hapa watalii wetu hulia. Umeingia Tsavo Mashariki, ukafika bwawa la Aruba, na kule ng’ambo wamesimama tembo wekundu, rangi waliyoipata kwa kujimwagia udongo wenye oksidi ya chuma. Umepiga kwa simu. Picha ina pikseli 4000 kwa upana, lakini tembo mwenyewe ameshika sehemu moja ya tano: pikseli 800. Ukitaka ukurasa umwonyeshe tembo peke yake kwa 300, atapata upana wa sentimita 6.8. Na tuseme unataka mara mbili ya hapo, upana na urefu. Pikseli zinazotakiwa haziongezeki mara mbili bali mara nne, kwa kuwa eneo hukua kwa mraba. Ndiyo maana kuikuza picha “kidogo tu” huiharibu haraka kuliko mtu anavyotazamia. Tembo huyo mwache mdogo, uache na bwawa na nyika iliyomzunguka. Ukurasa utakuwa na hewa, nayo nyika ya Tsavo ni kubwa kweli.

Kisha kuna suala la umbo. Picha ya simu ina uwiano wa 4 kwa 3, ya kamera kubwa 3 kwa 2, na karatasi ya A4 haina uwiano wowote kati ya hizo. Yake ni kipeuo cha pili cha 2, kama 1.414 kwa 1, namba aliyoisifu Mjerumani Georg Christoph Lichtenberg katika barua ya mwaka 1786, na nchi yake ikaifanya kiwango rasmi mwaka 1922. Uzuri wake ni kwamba ukiikunja karatasi katikati, nusu inabaki na umbo lilelile: A3 inazaa A4, A4 inazaa A5. Ubaya wake kwetu ni kwamba hakuna kamera inayopiga umbo hilo. Ukiijaza A4 iliyolala kwa picha ya 3 kwa 2, lazima kitu kitoke. Na si hicho tu: picha inayofika ukingoni hupanuliwa milimita 3 nje ya ukurasa kila upande, ili mashine ya kukatia karatasi ikiyumba kidogo usibaki uzi mweupe. Urefu basi ni sentimita 21.6, upana unaofuata ni 32.4, na ukurasa utaonyesha 29.7 tu. Sentimita 2.7 zimetoka, moja na ushei kila upande. Nani husimama pembeni katika picha ya ukoo? Wakwe na mashemeji. Kabla ya kuijaza picha ya kundi ukurasa mzima, zitazame zile kona mbili. Kama kuna bega la mtu pale, ipunguze picha na uiachie pambizo nyeupe.

Mashemeji wana lalamiko jingine, nalo ni la haki. Katika ukurasa wa kushoto wapo jamaa wa bibi harusi waliotoka Taveta, wanane; wa kulia wapo jamaa wa bwana harusi wa Mwatate, thelathini. Picha zote mbili zina upana uleule, kwa hiyo vichwa vya upande mmoja ni sentimita moja na nusu, vya upande wa pili nusu yake, na albamu imetangaza bila kukusudia nani wakubwa na nani watoto. Vichwa ndivyo vipimwe, si fremu. Pima kichwa cha mtu wa katikati kwa kila picha, uzikuze au uzipunguze mpaka vikaribiane. Ila tena kuna mpaka: ukiikuza ile ya thelathini mara mbili, iliyokuwa 300 kwa inchi inakuwa 150. Ni nafuu kuipunguza ile ya wanane, hata kama itabaki na nafasi tupu pembeni. Nafasi tupu haimchukizi mkwe yeyote.

Picha pana mno hualika kurasa mbili kwa pamoja. Treni ya Madaraka Express, iliyoanza safari zake kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, ikiwa imesimama stesheni ya Voi ni picha ya kurasa mbili hasa. Kurasa mbili za A4 iliyolala zina upana wa sentimita 59.4, inchi 23.4. Pikseli zetu 4000 zinatoa 171 kwa inchi. Je, tumeshindwa? Fikiri upya, kwa jicho. Albamu iliyofunguliwa upana huo huwezi kuitazama kwa sentimita 30, utageuza shingo. Utaisogeza mbali hadi 50. Na kwa sentimita 50 jicho linadai 290 mara 30 gawanya kwa 50, yaani 174. Karibu tumefika. Kinachobaki ni mshono wa katikati, ambao katika albamu iliyojalidiwa kwa gundi humeza milimita kadhaa za kila ukurasa. Behewa linaweza kupita hapo bila shida. Uso wa mtu hapana.

Mstari wa upeo nao upimwe. Picha nyingi zilizopigwa ng’ambo hii ya mto Galana zina uwanda wa Yatta nyuma, lava iliyoganda kwa urefu wa karibu kilomita 300, na kilele chake ni bapa kama kimepigwa rula. Kamera ikiinama digrii mbili, kila mtu ataona. Programu itakunyooshea, lakini picha ikizungushwa ndani ya fremu kona zinabaki tupu, na kuzifunika inabidi uikuze. Kwa picha ya 3 kwa 2 na digrii mbili, ni asilimia 5. Eneo linalopotea ni kama sehemu moja ya kumi. Fanya hilo kabla ya kuhesabu pikseli, si baada yake.

Mwisho ni kusafirisha kazi. Publisher kwa kawaida huiingiza picha yenyewe ndani ya faili la albamu. InDesign na Scribus hufanya vingine: huhifadhi anwani tu, kwamba picha iko kwenye kompyuta hii, folda ile, na kwenye ukurasa huonyesha kivuli chake chenye pikseli chache. Mtu anapanga albamu nyumbani Wundanyi, analibeba faili moja kwenye flashi, anashuka na matatu hadi Voi, na duka linafungua kurasa zenye fremu zilizopangwa vizuri na picha hazipo, au zipo zenye ukungu. Kila programu ina amri ya kukusanya albamu pamoja na picha zake zote katika folda moja. Itafute kwenye menyu ya faili kabla ya kuondoka nyumbani. Au toa PDF, lakini usikubali chaguo la faili dogo kabisa, maana hilo huzishusha picha hadi 100 au 150 kwa inchi bila kukuuliza. Chagua la uchapishaji, lenye 300. Faili litakuwa zito na huenda WhatsApp ikachelewa kulipeleka. Libebe kwenye flashi.